Okidi Getoni: Sato Kumi, na Dingi Anauliza Kama Linaliwa

Oya mwanangu, sogea. Nimeshusha okidi Kiabakari. Laivu. Sio ile ya plastiki iliyokaa juu ya kabati la maza tangu enzi za Mkapa, inakula vumbi kwenye kitambaa cha kufuma. Hii inapumua. Imetoka Mwanza kwa basi, nimeipakata njia nzima kama kichanga, konda akataka kunikatia nauli ya pili.

Bei? Kwa shilingi sikutajii, utanitangaza stendi. Nakutajia kwa sato. Sato kumi, wale wa maana.

Nafika home, dingi anaizunguka. Anavua miwani, anavaa tena. Swali lake moja tu: "Linaliwa?"

Tulicheka hadi jirani akachungulia. Mzee bado yuko 1974, Kilimo cha Kufa na Kupona: kinachoota na hakiliwi ni gugu. Dingi, hii ni swaga. Hii inapigwa selfi.

Maana geto siku hizi limebadilika, we mwenyewe unajua. Zamani sabufa na taa za bluu zilitosha. Leo taa za bluu ni ushamba, hata saluni ya kona wanazo. Pisi akikuta sabufa, anakaa. Akikuta okidi, anauliza. Akishauliza, stori imeanza. Wasee wa ng'ambo ya Sirari, Kenya, wanaita keja, sisi geto, lakini ua kali ni ua kali pande zote za mpaka.

Sasa usiiue. Hapo ndipo masela wengi wanapoaibika.

Inayouzwa sana mjini ni Phalaenopsis. Jina kama dawa ya minyoo, tuite Fale. Kwao ni Asia, na huko haioti chini kama muhogo. Inakaa juu ya mti, mizizi inaning'inia hewani, na hainyonyi mti hata tone, imejishikiza tu. Kwa hiyo ukiifukia kwenye udongo wa shambani, umeizika. Inataka vipande vya magome ya mti, changanya na mkaa uliovunjwavunjwa, kwenye chungu chenye matundu. Mkaa unao, usijifanye kapuku. Maji mara moja kwa wiki, loweka vizuri, acha yachuruzike yaishe. Mwana mmoja, fundi pikipiki, alikuwa anaimwagilia kila siku kama mchicha. Wiki ya tatu mizizi ikawa uji. Mizizi mizima ikilowa ni kijani, ikikauka inakuwa kama fedha. Ikiwa ya kahawia na inabonyea, tangaza msiba.

Jua letu la saa nane pia usilichezee, linababua majani. Iweke dirisha la mashariki, ipate la asubuhi, halafu pazia. Ukiwa mstaarabu ua linadumu miezi miwili, hata mitatu. Likidondoka usitupe mmea, wewe! Haujafa, umepumzika. Utachanua tena ukijisikia. Huo mmea una maringo kuliko pisi wa Musoma mjini.

Na nisisikie umenunua mbegu onlaini. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina hata akiba ya chakula ndani. Porini haichipui mpaka ikutane na kuvu wa kuilisha, kwingine ni maabara. Anayekuuzia pakti ya buku tano yenye picha ya ua la bluu amekupiga mara mbili, maana hata hizo Fale za bluu za dukani nyingi zimetiwa rangi tu.

Haya, turudi kwenye msosi. Mwana wa boda alisikia swali la dingi, akawekeana jero na mwenzake, akachuma ua moja la Fale yangu, akatafuna. Sato mzima yule! Nikataka kumpiga. Akasema ladha kama tango lililosahauliwa. Kweli kuna maua ya okidi yanayoliwa: Dendrobium, unaikuta juu ya sahani kwenye migahawa ya Kithai. Ila hizo zimelimwa kwa ajili ya mdomo. Hii ya pambo imepuliziwa dawa zote tangu utotoni, unaila ya nini? Mwana kaendesha boda siku mbili anajipapasa tumbo. Hakuwa na kitu. Woga tu.

Lakini nikachimba ishu. Na hapa, mwanangu, kaa chini.

Huko Nyanda za Juu Kusini, Makete na Kitulo, kuna okidi za ardhini: Disa, Satyrium, Habenaria. Chini zina viazi vidogo. Watu wanavichimba, wanavikausha, wanavitwanga, wanachanganya na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi kidogo, wanapika mpaka vinashikana kama keki ngumu, wanakata vipande. Inaitwa chikanda. Zambia wanaikubali kinoma, kwao ndiyo soseji isiyo na nyama, na viazi vya kwetu vimevuka sana kupitia Tunduma, mamilioni kwa mwaka. Noma ni kwamba ukichimba kiazi, mmea umekwenda. Hakuna kuvuna majani ukarudi kesho. Ndiyo moja ya sababu Kitulo ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Waturuki nao wana yao, wanasaga viazi vya okidi kuwa unga wa salepi, wanatengenezea aiskrimu inayovutika kama lastiki.

Bado. Vanila. Ile fleva ya keki na aiskrimu. Okidi! Na wanailima ng'ambo ya ziwa letu hili hili, Kagera. Ua lake linafunguka asubuhi na siku hiyo hiyo limenyauka, na huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha, kwa hiyo mkulima anapita na kijiti, ua moja moja, analiozesha kwa mkono. Hiyo mbinu aliivumbua dogo wa miaka 12, mtumwa, Edmond Albius, kisiwani Réunion, mwaka 1841. Mabwana wasomi walikuwa wamekwama. Baada ya hapo ganda linakaa juu miezi tisa, kama mimba, halafu linakaushwa miezi kadhaa. Na ukipanda leo, ua la kwanza subiri kama miaka mitatu. Inataka kivuli na unyevu, kiangazi chetu cha Julai haikipendi. Kwa hiyo ukiambiwa "vanila inatajirisha fasta", muulize huyo ndugu amewahi kusubiri kitu gani maishani.

Kwa hiyo ndiyo, linaliwa. Dingi kabahatisha. Sio Fale yangu, lakini ukoo wake unaliwa kuanzia Makete mpaka Uturuki, na mimi ndiye niliyecheka.

Sasa ukimkuta dingi stendi pale barabara ya Musoma, kausha. Akijua tu, kesho sato wangu kumi wako sufuriani na karanga.