Mitungi ya Hewa kwa Kazi ya Maji Baridi

Wapiga mbizi wanaookota kombe kwa mkono katika pwani ya Uskoti huvaa mavazi mazito yasiyopenyeza maji, kwani baharini huko joto hushuka hadi nyuzi 7 hivi wakati wa baridi. Hewa iliyomo ndani ya vazi huwainua juu. Hivyo, ili wazame, hujifunga mikanda ya risasi.

Hapo ndipo mtungi wa chuma unapoushinda ule wa alumini. Mtungi wa lita 12, uliojazwa kwa shinikizo la baa 200, huchukua hewa yenye uzito wa karibu kilo 3. Hewa hiyo inapokwisha, mtungi wa kawaida wa alumini huanza kuelea, na aliyeuvaa huvutwa juu upesi kuliko inavyofaa, jambo linaloweza kumwua. Mitungi mingi ya chuma haielei hata ikiwa mitupu, na risasi ya mkandani hupunguzwa.

Adui wa chuma ni kutu, ambayo huula mtungi kutoka ndani huku rangi ya nje ikimeremeta. Kwa hiyo Katibu anayetaka kununua mitungi iliyokwisha tumika na asome kwanza tarehe zilizogongwa begani. Nchini Uingereza mtungi hupimwa kwa shinikizo la maji kila miaka 5, na katikati ya muda huo hukaguliwa ndani. Ule ambao tarehe zake zimefutika usinunuliwe, hata kwa bei ya kutupa. Muuzaji naye atakiwe kutoa hewa yote, kisha fundi afungue vali na kumulika ndani kabla fedha za wanachama hazijalipwa.