Kupe wa Msituni Huuma Watu Pia

Ndugu mkulima, siku ya kuogesha ng'ombe huisahau. Hata mvua ikinyesha, watu wa skimu huonekana wakishuka na mifugo yao kwenda joshoni, au wamebeba pampu ya dawa mgongoni, kwa sababu kila mmoja amekwisha kuona ndama akivimba tezi chini ya masikio na kufa. Lakini jioni ile ile mwenye ng'ombe atarudi kutoka msituni na mzigo wa kuni, atakula, atalala, wala hatautazama mwili wake mwenyewe. Hata mimi nilikuwa hivyo.

Mwaka mmoja, wakati wa mvua ya masika, nilifuatana na wakulima kutazama mpaka wa mashamba yao na msitu. Nilivaa suruali fupi na viatu bila soksi, nikakaa juu ya gogo nikiandika majina. Baada ya siku sita nikashikwa na homa. Kichwa kikauma kama kinachopasuka, na shingo pia. Nikasema ni malaria. Nikanunua vidonge dukani nikavimeza mpaka vikaisha, na homa haikuondoka. Mke wangu ndiye aliyeona kidonda nyuma ya goti langu: kidogo, chenye gaga jeusi katikati kama palipochomwa na sigara, na wekundu pande zote. Kwenye kinena palikuwa na mtoki. Hospitalini daktari alikitazama, akaniuliza, "Juma lililopita ulikuwa wapi?"

Hiyo ndiyo homa ya kupe ya watu. Huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukaa ndani ya kupe. Aina moja ya vijidudu hivyo, iliyoenea katika Afrika, ilipewa jina lake la kitaalamu mwaka 1996, ingawa homa yenyewe ilijulikana zamani. Si ile homa inayoua ndama wako, maana hiyo haimshiki mtu. Dawa yake ni doksisaiklini, na ni juu ya daktari kuitoa, hasa kwa mtoto au mama mja mzito. Mimi nilipata nafuu siku ya pili, baada ya kupoteza karibu juma zima kwa vidonge visivyofaa.

Watu wengi hudhani kupe huanguka kutoka mitini. Sivyo. Kupe haruki wala hana mabawa. Hupanda ncha ya jani la nyasi, akanyoosha miguu yake ya mbele, akangoja. Kwa miguu hiyo huisikia pumzi yako na joto lako, na ukipita tu hukushika. Ndiyo sababu hupatikana zaidi kandokando ya msitu na kwenye njia za wanyama kuliko katikati ya miti mikubwa. Watoto wake wana miguu sita tu, nao ni wadogo kuliko punje ya wimbi. Waweza kupandwa na mia usijue.

Kwa hivyo vaa suruali ndefu na uingize ncha zake ndani ya soksi au buti za mpira. Nguo nyeupe au ya kahawia hafifu ni bora, kwani kupe huonekana juu yake upesi. Ukirudi, vua nguo nje, uzikung'ute na kuzianika juani. Kisha jitazame kama unavyomtazama ng'ombe wa kununua: kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, mahali pa mkanda, ndani ya nywele. Watoto wachungaji watazamwe na mama yao wakati wa kuoga, wala asisahau nyuma ya masikio. Mbwa naye atazamwe, maana huzunguka vichakani mchana kutwa na usiku hulala mlangoni.

Ukimkuta kupe ameuma, usimchome kwa kiberiti wala usimpake mafuta ya taa. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute polepole bila kumzungusha, kisha uoshe mahali hapo kwa sabuni. Usimpasue kwa kucha, hata akiwa ametoka kwa ng'ombe, kwa sababu maji yake yaweza kuingia penye mikwaruzo na kuleta magonjwa mabaya zaidi ya hili.

Nimewahi kumwona mzee mmoja akijipaka miguuni dawa ya josho kabla ya kwenda kukata kuni. Tafadhali, usifanye hivyo. Dawa ile ni sumu, nayo hupenya ngozi ya mtu. Madukani kuna dawa za kupaka zilizotengenezwa kwa ajili ya watu. Ununue hizo, na usome karatasi yake.

Na ukipatwa na homa katika majuma mawili baada ya kutoka msituni, nenda dispensari. Usingoje kuulizwa kama nilivyoulizwa mimi. Sema ulikuwa wapi, na uonyeshe gaga jeusi, hata kama liko mahali pa aibu.