Mfereji Unaovuja na Somo la Kiingereza

Mwanafunzi wa Tanzania Bara aliyesoma shule ya msingi ya serikali, aingiapo kidato cha kwanza, aghalabu hujikuta amehama lugha pasi na kuhama nyumba: miaka yote amefundishwa hesabu, jiografia na sayansi kwa Kiswahili, naye amekijua Kiingereza kama somo moja miongoni mwa masomo, na ghafla mambo yale yale yanamjia kwa lugha ya kigeni, ilhali nyumbani, njiani na hata katika foleni ya uji maisha yangali yanakwenda kwa lugha aliyonyonya. Mzigo wa kumvusha humwangukia mwalimu wa Kiingereza. Yeye hutakiwa awape vijana wa miaka 14 au 15 lugha ya kufahamia masomo mengine yote, na lililo gumu zaidi, awapatie jambo la kusema. Kwani kijana wa umri huo hanyamazi kwa kukosa maneno tu, bali hunyamaza pia asipoona faida ya kunena.

Vitabu vingi havimsaidii mwalimu huyu. Humletea mazungumzo ya watu wasiojulikana katika stesheni ya treni isiyojulikana, na inapofika zamu ya mada ya mazingira humletea dubu wa barafuni aliyekosa pa kukanyaga. Habari za dubu ni za kweli na za kusikitisha, wala sina ugomvi na dubu. Lakini kijana wa Pangani au Mkokotoni hana njia ya kumwendea akamtazama, wala hana la kumfaa, na kengele inapolia huondoka na maneno mapya kadhaa pamoja na dhana kwamba mazingira ni mambo ya watu wa mbali. Rai yangu ni kwamba mada hii ianzie uani kwa shule yenyewe, na kwamba ikianzia hapo, Kiingereza nacho kitapata kazi ya kufanya.

Tuchukue mfereji ulio karibu na vyoo, ambao kimpira cha koki yake kimelika, hata hautulii ukifungwa kwa nguvu zote. Wanafunzi wanne hukinga chini yake chombo cha lita 1, mmoja akashika saa na mwingine daftari. Tuseme chombo kimejaa kwa dakika 10. Basi kwa saa moja ni lita 6, na kwa usiku na mchana ni lita 144, yaani ndoo saba za lita 20 na lita 4 zaidi, zinazozama mchangani ilhali wasichana wa bweni wanaamka alfajiri kupanga foleni ya maji. Kijana aliyezihesabu ndoo hizo mwenyewe haulizi tena sentensi za masharti ni za nini. Anazihitaji ili aseme kwamba kimpira kikibadilishwa maji yatatosha, na kwamba lau kingalibadilishwa muhula uliopita pipa la maji la shule lisingalikauka. Mwalimu huziandika ubaoni kwa Kiingereza sentensi hizo mbili, moja chini ya nyingine, na tofauti ya jambo liwezekanalo na jambo lililokwisha kupita huwa bayana hata kabla ya kutajwa kanuni yake.

Kadhalika na umeme, ambao kila nyumba yenye mita ya LUKU, yaani ya kulipia kabla ya kutumia, inajua kuuhesabu. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwashwa saa 6 kila siku kwa siku 30 hula yuniti 10.8, ilhali taa ya LED ya wati 9, itoayo mwanga wa kukaribiana nayo, haifiki yuniti 2; na hapo mna somo zima la kulinganisha kwa kuzidi na kupungua. Ama mvua, kila milimita 1 iangukayo juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji, kwa hivyo bati la darasa lenye mita 8 kwa 20, likipata mvua ya milimita 10, hupokea lita 1,600, nasi tukitoa zirukazo pembeni zilizobaki zingali ni nyingi. Shule isiyo na mlizamu inayaachia maji hayo yaende zake, yakichimba msingi wa jengo njiani.

Lakini penye utajiri mkubwa zaidi wa maneno ni jikoni. Katika shule nyingi za bweni, na za kutwa zitoazo chakula cha mchana, sufuria la ugali lingali juu ya mafiga, kuni huletwa kwa lori, na mpishi hufanya kazi yake akifuta machozi kwa upindo wa kanga. Serikali imekwisha kuagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Agizo ni jambo moja, na fedha za kununua mitungi mikubwa ya gesi na majiko yake ni jambo jingine. Na swali hilo, la nani alipe na lini, linafaa mdahalo wa kidato cha tatu kuliko ile mada kongwe ya mjini na shamba wapi kuna maisha bora.

Nitamke wazi namna kazi ya jikoni ifanywavyo, maana hapo pana hitilafu baina ya walimu. Mwanafunzi humwendea mpishi kwa adabu, akamwambia, "Shikamoo mama," akaomba ruhusa ya kuuliza maswali yake kwa Kiswahili: lori moja la kuni hutosha siku ngapi, kuni mbichi zina taabu gani, maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa muda gani na yasiyolowekwa kwa muda gani. Mpishi, ambaye aghalabu hajaulizwa jambo na mtu yeyote pale shuleni isipokuwa kama chakula ki tayari, atamweleza kwa tafsili kwamba kulowekwa maharage na kufunikwa sufuria huokoa kuni nyingi. Kisha mwanafunzi hurudi darasani akaandika taarifa kwa Kiingereza, na ile hali ya kutendwa iliyomsumbua muda mrefu inamjia kwa kuhitajiwa: kuni huletwa, hupasuliwa, huwashwa, maharage hulowekwa. Wako wahifadhi wa nidhamu wanaoona kwamba Kiswahili kikipita katika kipindi cha Kiingereza ni taksiri, na ambao hapo zamani, na pengine hadi leo, wamewavisha watoto vibao shingoni kwa kosa la kunena lugha yao. Siafiki. Kusikiliza kwa lugha moja na kueleza kwa nyingine ndiyo kazi ambayo mtoto huyu ataifanya umri wake wote, awe mwuguzi, karani au mwongozaji wa watalii, na shule inayomkataza kuizoea inamnyima nusu ya elimu.

Juu ya taka nitasema machache. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vile vifuko vidogo vya ubuyu na barafu vingali vinatanda uani kila baada ya mapumziko, navyo vikichomwa shimoni pamoja na karatasi hutoa moshi wenye sumu unaoingia madarasani. Maganda na mabaki ya chakula yakitengwa huwa mboji. Muuzaji wa ubuyu langoni asitukanwe katika insha. Aulizwe kama yuko tayari kuuza kwa kipimo katika vikombe wajavyo navyo wanafunzi.

Kuanzia somo uani kwa shule si jambo geni nchini mwetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe na shamba na mwanafunzi ashike jembe; na mwaka 1991, katika baraza ya nyumba ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, mjini Dar es Salaam, wanafunzi 12 wa sekondari walikusanyika kwa sababu ya mambo yaliyowakera katika mazingira yao, na mkutano ule ukazaa harakati ya vijana ya Roots & Shoots, ambayo leo imeenea katika nchi nyingi za dunia. Kule Ulaya, mpango wa mazingira shuleni uitwao Eco-Schools ulianza mwaka 1994, nao haumwambii mwanafunzi aanze kwa kupanda mti, bali aunde kamati na kukagua shule yake kwanza. Nauafiki utaratibu huo, kwa kuwa tumeona miti mingi iliyopandwa mbele ya mgeni rasmi, kwa ngoma na picha, ikaliwa na mbuzi kabla ya likizo.

Mwalimu atakayejaribu njia hii na astahimili makosa ya ulimi. Mtoto anayeeleza kwa shauku habari ya ndoo saba asikatizwe kwa ajili ya kiambishi. Makosa yake yangoje daftari, ambako yatasahihishwa kwa utulivu.

Na barua ya mwisho wa somo, inayoomba kimpira cha koki, mlizamu au jiko, isiishie kwenye alama nyekundu za mwalimu. Ipelekwe kwa mkuu wa shule na kwa bodi, pamoja na nakala ya Kiswahili ili mpishi, mlinzi na wazazi waisome. Nanyi wakuu wa shule, mkiipokea barua hiyo tafadhali ijibuni kwa maandishi, mkitaja siku ambayo fundi atakuja.