Himaya Isiyokufa

Juzi binti yangu aliniuliza: "Baba, ingekuwaje kama Waingereza wasingeondoka?" Mkononi alikuwa na riwaya ya mapenzi ya vijana, That Inevitable Victorian Thing, ya mwandishi wa Kanada, E. K. Johnston, iliyotoka mwaka 2017.

Msomaji, riwaya za aina hii hubadili tukio moja la historia, kisha hufuata matokeo yake. Malkia Victoria alipofariki mwaka 1901, aliyerithi kiti ni mwanawe wa kiume, Edward. Johnston anampa kiti binti, na jamaa ya kifalme inaoana na watu wa makoloni. Himaya haivunjiki. Katika zama zijazo, kompyuta inasoma vinasaba na kuwatafutia vijana wachumba. Mrithi wa kiti anaficha jina lake, anakwenda Toronto, na huko anakutana na mapenzi.

Hadithi ni tamu. Lakini mchezo huu una kanuni: ukibadili chanzo, uonyeshe na gharama yake. Je, harusi za kifalme zingerudisha ardhi iliyonyang'anywa? Hapa Kenya, serikali ya kikoloni nayo iliweka kumbukumbu za miili ya watu. Wanaume wa Kiafrika walivaa kipande shingoni, chenye alama za vidole vyao. Hakikuwatafutia wachumba, kiliwazuia kumtoroka mwajiri.

Nilimjibu: "Soma, mwanangu, ufurahi. Ukimaliza, nenda kwa nyanya yako. Yeye alizaliwa chini ya himaya yenyewe."