Sagana: Mto wa Kujifunzia Kasia

Kipimo cha kimataifa kinayagawa maji ya kasi katika madaraja sita. La kwanza ni maji yanayotembea tu. La sita hata mabingwa huliangalia wakiwa ukingoni, na wengi wao hubeba boti begani wakapita nchi kavu. Anayeanza hutafutiwa daraja la pili, au la tatu kama ana kiongozi mzuri. Kwa mkazi wa Nairobi, maji hayo yapo Sagana, kilomita kama 100 ukifuata barabara ya Nyeri. Huko mto Tana bado haujafika bwawa la Masinga, unapita kati ya mawe na miti ya ukingoni, na ukikaa kimya kwenye maji tulivu utamwona mdiria akipiga mbizi.

Ila mto hauna daraja la kudumu. Mvua ikinyesha usiku Mlima Kenya au Nyandarua, Sagana inaweza kuamka na jua kali huku mto umepanda. Ndiyo maana Aprili na Novemba si miezi ya mwanafunzi. Maji yakiwa na rangi ya udongo na yanabeba matawi, ahirisha.

Kuongoza boti ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Boti linalokwenda kwa kasi ileile ya maji haliongozeki. Lazima liyapite au liachwe nyuma nayo. Mgeni hufanya kinyume: akiona povu anaacha kupiga kasia na kushika kamba, wakati huo hasa boti likihitaji nguvu yake. Mkono wa juu usiache kichwa cha mpini hata kidogo, kwa kuwa mpini ulioachwa huru humvunja jirani meno. Tazama pia umbo la maji: ulimi laini uliochongoka kuelekea mto unakoshukia ni njia, ncha ikielekea mto unakotokea, pana jiwe.

Ukitupwa majini, usikimbilie kusimama. Hili watu hulipuuza, kwa sababu maji ya magotini hayamtishi mtu. Mguu ukinaswa kati ya mawe, mkondo unakusukuma mgongoni, unaanguka kifudifudi na huwezi kuinuka. Kasi ya maji ikiongezeka maradufu, msukumo wake huongezeka mara nne, kwa hiyo misuli haisaidii. Lala chali, miguu itangulie, vidole vyake vionekane juu ya maji, na makalio yasining'inie. Simama pale tu ambapo maji ni kimya na mikono inagusa chini. Kuna jambo moja linalobadilisha kanuni hii, nalo ni mti ulioangukia mtoni: maji hupita kati ya matawi, mtu hapiti. Ukiuona mapema, geuka kifudifudi uogelee kwa nguvu zote kuuepuka.

Jaketi okozi likazwe mpaka mtu akivuta mabega ya jaketi lisipande hadi masikioni. Kuhusu kichocho, konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia yenye majani, basi usichezee humo wakati wa kupumzika.

Mbele ya kipande chepesi cha daraja la pili na la tatu, Tana ya Sagana ina maji ya daraja la nne na la tano. Kabla ya kulipa, muulize kiongozi maji yakoje leo na mtashuka kipande kipi. Akikujibu kwamba mto huu ni salama siku zote, mtafute mwingine.