Tamasha la Zaire 74 Halikuwa Kitumbuizo cha Ngumi

Kila itajwapo Soul Power, filamu ya tamasha la muziki la Zaire 74, mbele ya watu wa Nkombo, kisiwa ambacho nyimbo za Kongo hukifikia pamoja na mitumbwi itokayo Bukavu, huulizwa swali lile lile, nalo limekwisha kunichosha: James Brown aliimba kabla ya Muhammad Ali kupanda ulingoni, au baada ya Foreman kuanguka? Usiku Ali alipopigana na Foreman, James Brown hakuwapo.

Tamasha lilifanyika Kinshasa tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, ilhali pigano, lililokusudiwa kufuata mara tu baada ya muziki, liliahirishwa kwa sababu Foreman alipasuka juu ya jicho mazoezini, likapigwa alfajiri ya tarehe 30 Oktoba, wiki tano zikiwa zimepita. Wala hili si suala la kuhesabu siku tu, maana mwenye kuamini kwamba muziki ule ulikuwa kitumbuizo cha ngumi huwageuza wanamuziki Franco, Tabu Ley, Abeti Masikini na Miriam Makeba kuwa wapambe wa harusi isiyo yao, hali Hugh Masekela na Stewart Levine, waliolibuni tamasha, walikusudia kuwakutanisha Waafrika na jamaa zao ambao wazee wao walivushwa bahari kwa utumwa. Tena gharama zake zilibebwa na matajiri wa Liberia, si na mamilioni ya Rais Mobutu yaliyowalipa mabondia. Lau tamasha lingekuwa mkia wa ngumi, lingeahirishwa pamoja nazo!

Asili ya dhana hii batili ni filamu iliyotangulia Soul Power. Picha za tamasha na za pigano, zilizopigwa chini ya mwongozaji Leon Gast, zilizuiliwa na ugomvi wa fedha zaidi ya miaka ishirini, na zilipotoka mwaka 1996 katika When We Were Kings, nyimbo na makonde vilipangwa bega kwa bega. Jeffrey Levy-Hinte, mmoja wa wahariri wa filamu hiyo, ndiye aliyeyachukua masalio akatengeneza Soul Power mwaka 2008, bila msimulizi wala mahojiano ya baadaye. Humo utamwona Bill Withers na gitaa lake tu, kamera imemsogelea usoni.

Basi, anza na Soul Power. Ngumi kazitafute katika When We Were Kings. Na kwa kuwa wanamuziki wa Kiafrika walipewa nafasi finyu katika filamu hizo, sikiliza albamu ya 2017, Zaire 74: The African Artists. Na ukimpata mzee aliyeishi Kinshasa mwaka ule, mwulize kwanza habari za Franco, za Ali baadaye.