Wimbo wa Majasusi Wenye Mapigo Matano

Hapa Katesh si wengi wamjuao Lalo Schifrin, lakini wimbo wake wanaujua hata watoto, maana umekuwa mlio wa simu, na katika vibanda vya video husikika kila zionyeshwapo sinema za Tom Cruise. Ulitungwa Marekani mwaka 1966 kwa ajili ya mchezo wa televisheni ulioitwa Mission: Impossible, yaani Kazi Isiyowezekana, uliohusu kundi la majasusi. Wakati ule Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Kituo cha ITV kilianza mwaka 1994. Basi wengi wetu tuliupata kwa njia ya sinema, ambazo zilianza kutoka mwaka 1996.

Bwana Schifrin alizaliwa Buenos Aires, Argentina, mwaka 1932, mtoto wa mpiga fidla. Alisomea muziki Paris, kisha akapiga piano katika bendi ya Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi. Wimbo huu haukukusudiwa kuufungua mchezo. Mwenye mchezo, Bwana Bruce Geller, aliusikia miongoni mwa muziki mwingine uliotungwa kwa ajili ya mchezo huo, akautanguliza mbele, penye kiberiti kinachowashwa na utambi unaoungua.

Ajabu yake iko katika hesabu. Nyimbo nyingi tuziimbazo huenda kwa mapigo manne. Huu huenda kwa matano. Msomaji, gonga dawati lako: mapigo mawili marefu, kila moja la kipimo kimoja na nusu, kisha mawili mafupi ya kipimo kimoja kimoja. Jumlisha, utapata vipimo vitano. Wajuao simu za Morse huongeza kwamba mistari miwili ni herufi M, na nukta mbili ni herufi I. Sikio lililozoea nne hulitazamia pigo la kwanza mapema, nalo halijafika. Ndipo moyo hubaki juu juu, kama mtu asikiaye nyayo nyuma yake gizani.

Wenzetu wa Kidato cha Nne wanaotaka tuingie nao ukumbini siku ya mahafali na walifikiri jambo hili. Binadamu ana miguu miwili. Mguu wa kushoto ukianza mzunguko wa kwanza, wa pili utaanzwa na wa kulia, na wa tatu na wa kushoto tena. Jaribio lililofanywa nyuma ya bwalo lilithibitisha hayo, kwa vicheko vya Kidato cha Pili.

Mwaka 1996 Adam Clayton na Larry Mullen wa bendi ya U2 waliupiga upya kwa ajili ya sinema, wakaunyoosha sehemu kubwa iwe ya mapigo manne, nao ukauzwa sana na kuchezwa katika madansi. Huo unafaa kwa maandamano, ila kwa maoni yangu hofu yake imepungua.

Bwana Schifrin alifariki Juni 2025, akiwa na miaka 93. Kamati ya mahafali itakapopiga kura, mimi nitachagua wimbo wake wa matano, upigwe tukiwa tumeketi.

Mwanafunzi, Kidato cha IV